Dizeli, Petroli na Bisibisi ya Mume Wangu

Ukitaka kujua tofauti ya injini ya dizeli na injini ya petroli kwenye trekta dogo la bustani, njoo uniulize mimi. Sijaisomea popote. Nimelishwa kwa nguvu, misimu miwili mfululizo, mume wangu akiwa upande mmoja wa meza na mdogo wake upande wa pili, na mimi nimesimama katikati na sufuria ya moto mkononi, nikingoja mmoja wao asogeze daftari nipate pa kuiweka.

Daftari lenyewe lilikuwa la binti yetu alipokuwa shule. Kurasa za mbele zina pembetatu na alama nyekundu za mwalimu. Katikati ndipo unapoanza wazimu: mstari umepigwa kwa rula kutoka juu mpaka chini, kushoto DIZELI, kulia PETROLI. Mwandiko ni wa shemeji, lakini aliyetaka kila kitu kiandikwe ni mume wangu. Alisema maneno ya mdomoni yanapotea, yeye anataka kuyaona. Dizeli ina nguvu hata ikizunguka taratibu. Petroli ni nyepesi, haikandamizi udongo. Dizeli inakunywa kidogo. Petroli spea zake ziko kila kona. Dizeli inadumu. Petroli haikusumbui asubuhi ya baridi. Wakifika chini wanarudi juu, wanafuta, wanaanza upya. Kuna ukurasa mmoja wameufuta mpaka umetoboka, na siku hiyo waligombania nani kautoboa.

Mimi nilikuwa nataka kulima tu. Basi.

Shamba ninalolima si letu. Ni ekari moja na nusu kando ya kijito, mali ya muuguzi mstaafu ambaye nyumba yake inatazamana na yetu. Nimelilima miaka kumi na moja kwa jembe la mkono: kabichi, vitunguu, nyanya na pilipili hoho, na jiko la shule ya bweni iliyo juu ya barabara wananijua kwa kabichi zangu. Mwaka juzi bega langu la kulia likagoma. Halikuvunjika wala halikuvimba, liligoma tu. Mkono ukifika usawa wa kidevu unakwama, na maumivu yanateremka mpaka kidole cha mwisho. Sasa jembe usiloweza kulinyanyua halilimi, linakwangua. Msimu ule nusu ya shamba ikawa majani. Uliofuata, robo tatu.

Mstaafu alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia. Jumatatu moja alikuja mlangoni, nikampa kiti akakikataa, nikajua hapa hakuna heri.

"Mama, mimi na wewe hatuna ugomvi," alisema. "Lakini mvua ya kwanza ikikuta majani mle ndani, nampa mtu mwingine. Wapo watatu wameshaniuliza."

Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya nyuma ya mnara wa maji. Fedha za trekta zilikuwepo tangu msimu uliopita, zimetulia zinangoja. Kilichokosekana ni idhini ya mabingwa wawili.

Mume wangu watu wanamwita Sikio. Miaka thelathini alikuwa fundi wa jenereta kwenye kiwanda cha mbao, yeye na mashine nne ndani ya chumba kimoja kisicho na dirisha, mpaka alipostaafu. Jina hilo hakupewa bure. Ukimletea injini mbovu hakuulizi lolote. Anachukua bisibisi yake ndefu ya mpini wa mbao, ncha anaigusisha kwenye chuma, mpini anaukandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio, halafu anafumba macho. Nimeona wanaume wazima wamesimama uani kwangu hawathubutu hata kukohoa, kama wanangoja majibu ya maabara. Kisha anafumbua macho. "Valvu ya pili," anasema. Au, "Beringi, upande wa feni." Wanakwenda kufungua, wanaikuta pale pale.

Kwa hiyo katika ukoo wao ni mwiko kununua chochote chenye mota kabla hakijapita kwenye bisibisi ile. Pikipiki, pampu, mashine ya kusaga, vyote vimepita. Friji ya mama mkwe ilipita pia. Aliisikiliza, akatikisa kichwa, ikarudishwa dukani na nyama yake ndani.

Kuhusu matrekta, msimamo wake ulikuwa mmoja. "Petroli imekufa ile," alikuwa anasema. "Haina uhai. Injini lazima uisikie kifuani."

Shemeji, ambaye ni fundi wa pikipiki na ana sauti ya kuita abiria, alikuwa anampigia kelele mezani: "Kaka, kelele si nguvu! Mbona mama yetu kelele hana na anatutawala wote?"

Hapo wanacheka, wanapigana mabega, wanaomba chai. Mimi nachemsha chai.

Mara ya kwanza walipokwenda kwenye yadi ya mashine, nilijua wanarudi na trekta. Nilifagia hata banda. Walirudi jioni na swali: je, injini ipozwe kwa hewa au kwa maji? Ukurasa mpya. Inayopozwa kwa hewa haina rejeta ya kuvuja, lakini inachemka ukilima mchana kutwa. Inayopozwa kwa maji inavumilia, lakini ni mabomba na mipira na mafundi. Siku kumi. Mara ya pili walirudi na pistoni: moja au mbili? Moja ni rahisi kutengeneza lakini inatikisa mpaka meno. Mbili zinatulia. Siku nane. Kisha shemeji akasikia kuna trekta la betri lisilohitaji mafuta kabisa, na jambo hilo likatula wiki nzima, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona.

Na mimi je, sikusema? Nilisema mpaka nikachoka. Mume wangu ana jibu moja kwa kila neno litokalo kinywani mwangu: "Tutaona." Naosha vyombo, namwambia, Baba, bega hili litaniua. Tutaona. Nafagia baraza, yeye yuko kwenye kiti chake anatazama barabara, namwambia mstaafu atatunyang'anya shamba. Tutaona. Naweza kusema nyumba inaungua. Sijajaribu, lakini jibu nalijua. Mdogo wake akifungua mdomo anamkazia macho kama mtoto anayetazama sinema, halafu mimi mke wake wa ndoa ya miaka ishirini na sita naambulia tutaona. Nilikuwa nimefika hapa, kwenye koo.

Jumatano mstaafu alipita tena, akatazama mawingu, akanitazama mimi, akaenda zake. Nikatangaza kwamba Jumamosi tunakwenda yadini watu watatu na tunarudi na trekta, liwe la dizeli, la petroli au la mate. Shemeji akaazima pikapu.

Asubuhi ya Jumamosi mume wangu alitayarisha mfuko wake: kitambaa, miwani, daftari na bisibisi. Niliitazama ile bisibisi nikaona siku yangu yote inavyokwenda. Atasikiliza la kwanza nusu saa, la pili nusu saa, atarudi la kwanza, atafumba macho, ataomba waizime na kuiwasha tena, yadi itafungwa, tutarudi na swali jipya kuhusu mkanda wa feni. Akaenda kuvaa viatu. Nikaitoa bisibisi mfukoni, nikaichomeka ndani ya gunia la maharage mpaka ikazama. Wala moyo haukunienda mbio. Niliona nimeokoa msimu.

Yadi iko nyuma ya duka la mabomba, sakafu ya saruji, na jirani yao ni watu wa kuchomelea mageti ambao siku hiyo walikuwa wanakata chuma kwa fujo. Muuzaji alikuwa msichana mwenye ovaroli iliyopauka na rundo la funguo shingoni. Hakupoteza muda na salamu ndefu.

"Nani ataendesha?" aliuliza.

Ndugu wawili wakatazamana. Nawaambieni kweli, misimu miwili, daftari zima mbele na nyuma, na swali hilo halimo.

"Mimi," nikasema.

"Basi njoo wewe, mama. Hao watakaa pembeni."

Nilitamani kumkumbatia. Akanionyesha mawili. Jekundu ni la dizeli, pistoni moja, linapozwa kwa maji, linawashwa kwa kuzungusha mpini wa chuma. La kijani ni la petroli, pistoni mbili, linapozwa kwa hewa, linawashwa kwa ufunguo.

"Jaribu hili kwanza," akasema, akanipa mpini wa jekundu.

Mume wangu wakati huo alikuwa amechuchumaa kando ya ukuta, ametupa kitambaa, miwani na daftari chini, anapekua mfuko ambao hauna kitu zaidi. Nikamwona, nikageuza uso. Nikauchomeka mpini, nikausukuma kwa mkono wa kushoto, ukazunguka robo ukagoma. Nikaongeza wa kulia. Bega likaniambia lile neno lake. Nilijikuta nimeegemea bonneti na machozi yananitoka bila ruhusa yangu.

"Shemeji, pole, pole," mdogo wake akanidaka. "Usijali. Nitakuwa nakuja kukuwashia."

"Kila asubuhi?"

"Kila..." Akajikuna shingo. "Nitajitahidi."

Akauzungusha yeye. Lile jekundu likakohoa, likatema moshi, likaamka. Sakafu ilitetemeka chini ya viatu vyangu, na kopo la misumari lililokuwa juu ya pipa likaanza kutembea lenyewe. Mume wangu akainuka kule ukutani na uso umemchangamka. Akaja akaweka kiganja chote kwenye bonneti.

"Hiyo!" akapiga kelele. "Mnaisikia? Hiyo ni injini!"

Nilitaka kulia tena, kwa sababu nyingine. Huyu mtu ananiona nimeshika bega, na anasifia injini.

Wakalizima. Msichana akahamia kwenye la kijani. Mume wangu akazunguka nyuma yake na kuchuchumaa kukagua mahali pa kufungia jembe, akitingisha pini moja baada ya nyingine, kwa dharau ya mtu aliyekwisha kuamua. Msichana akageuza ufunguo. Injini ikashika mara moja, bila kukohoa, ikatulia inaunguruma chini chini. Kule jirani msumeno wa chuma ulikuwa unapiga mayowe, lakini hata hivyo niliisikia vizuri. Niliipenda. Nilijiona niko juu yake, nimekaa, mikono iko chini, mistari ya kabichi inanyooka nyuma yangu.

"Umeona?" shemeji akaninong'oneza. "Hata jasho halikumtoka."

Mume wangu akainuka kule nyuma akijifuta mikono.

"Haya," akasema. "Liwasheni basi tusikie."

Shemeji akacheka kwa nguvu. "Kaka, acha dharau! Hata kama hulipendi!"

Mume wangu hakucheka. Alimtazama muuzaji, akingoja.

"Limewaka, mzee," msichana akasema.

Alimtazama mdomo. Hakumtazama macho, alimtazama mdomo. "Washa," akasema tena, safari hii kwa upole, kama mtu anayeomba.

Kicheko cha shemeji kikakatika. Mume wangu akatutazama mmoja mmoja, kisha macho yake yakashuka kwenye injini, yakatafuta, yakaikuta feni inazunguka. Akanyoosha mkono kuigusa bonneti. Kabla haujafika akaurudisha, akauweka mfukoni.

Nitasema ukweli: kilichonijia kwanza hakikuwa huruma, kilikuwa hasira. Niliwaka kuliko trekta lile. Tangu lini? Na kwa nini nijulie yadini, mbele ya mtoto wa watu mwenye funguo shingoni? Nikakumbuka redio inayotikisa madirisha. Nikakumbuka hodi zinazopigwa mpaka nitoke mimi. Nikakumbuka daftari, na yale macho anayomkazia mdogo wake, na bisibisi inayogusa mfupa. Kila kitu kilikuwa mbele yangu, nami nilikuwa nakipangusa vumbi. Halafu nikakumbuka gunia la maharage, na hasira yote ikakosa pa kwenda.

"Bisibisi yangu," akasema. Sauti ilikuwa kubwa mno, nami nikaelewa ni kwa nini siku hizi sauti yake ilikuwa kubwa mno. "Niliiweka mfukoni. Nina hakika."

Nikamsogelea mpaka nikasimama mbele yake.

"Niliitoa mimi," nikasema taratibu. "Iko nyumbani."

"Kwa nini?"

"Nilitaka tumalize haraka."

Akatikisa kichwa kukubali, kama nimemwambia bei ya chumvi. Akageuka akalitazama lile jekundu, akalitazama la kijani, ambalo lilikuwa bado linaunguruma, hakuna aliyekumbuka kulizima.

"Tumeshamaliza," akasema. "Chukua hili. Wewe ndiye utakayelisikia."

Shemeji alikuwa ameshinda ubishi wa misimu miwili. Alikwenda kufungua mlango wa nyuma wa pikapu, akaufunga, akaufungua tena.

Njia nzima tulikaa watatu kwenye kiti cha mbele, trekta nyuma limefungwa kamba. Shemeji aliendesha huku akivuta kamasi, anasema ni vumbi. Mume wangu alitazama barabara. Tulipofika kwenye mnara wa maji alisema, bila kuulizwa, "Ilikuja kidogo kidogo. Kama taa inayoishiwa mafuta. Unasogea karibu, unasogea karibu."

Tulilishusha mbele ya nyumba. Mstaafu alitoka kwenye baraza lake, akakunja mikono, akalitazama trekta, akatazama mbingu, akarudi ndani. Zilikuwa zimebaki siku chache, lakini kwa mashine ekari moja na nusu ni kazi ya siku mbili. Shemeji akasema Jumatatu atakuja kunifundisha gia, akaondoka kurudisha pikapu mapema kuliko ilivyohitajika.

Nikaenda kwenye gunia, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikaitoa bisibisi. Nikaipangusa kwa kanga na kumwekea mezani. Aliishika akaigeuza geuza. Kisha, kwa sababu yeye ni yeye, akalivuta daftari, akalifungua kwenye ukurasa uliotoboka.

"Ila lile la dizeli ungelizoea," akasema. "Mpini wake si mgumu vile."

Jamani! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimeshageukia jiko, mwiko mkononi, na jibu limeshaanza kutoka: nimekwambia mara ngapi mimi siwezi. Nikalimeza. Nililiona jiko, nililiona sufuria, niliuona ukuta wenye moshi nilioongea nao miaka yote. Nikaweka mwiko chini, nikazunguka meza, nikakaa kwenye kiti cha shemeji, uso wangu mbele ya uso wake.

"Bega langu limekufa," nikasema. "Siwezi kunyanyua mkono. Tazama."

Nikaunyanyua. Ukafika kwenye kidevu, ukakwama, ukaanza kutetemeka. Aliutazama mpaka nilipouteremsha. Daftari aliliacha likajifunga lenyewe.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi," akarudia. Midomo ilimcheza. "Misimu miwili tunabishana na mdogo wangu juu ya mipini. Na wewe hukuniambia?"

Nilifungua kinywa. Ushahidi nilikuwa nao tele. Nilimwambia nikiosha vyombo. Nilimwambia nikifagia, nikianika nguo, nikifunga mlango, nikiwa kitandani nimeelekea ukutani. Nilizipitia siku hizo zote haraka haraka nikitafuta moja ya kumtupia, na kila niliyoishika ilikuwa na mgongo uliogeuzwa ndani yake, kama si wake, wangu.

"Ndiyo nakwambia sasa," nikasema.